Habari za merikebu General Slocum

Ndugu wasomaji, wazee wetu walioishi kando ya mto Kongo walizijua vema merikebu za gurudumu. Zilikuwa na tanuru ya kuni tumboni, na gurudumu kubwa lenye mbao nyingi, likizunguka na kupiga maji mpaka povu linatoka, nayo merikebu inakwenda mbele. Tangu mwaka 1881, Stanley alipoifikisha ile ndogo iitwayo En Avant juu ya maporomoko, mpaka siku zile injini za mafuta zilipoziondoa, merikebu za namna hiyo zilipanda na kushuka mto wetu, zikichukua askari, mapadri, masista, barua, mpira na pembe. Watu wa vijiji vya ukingoni ndio waliozikatia kuni, wala si wote waliozikata kwa hiari. Lakini hizo zina habari zao, nazo ni ndefu.

Leo tunataka kueleza habari za merikebu nyingine ya jamii hiyohiyo, iliyokuwa ya mji wa New York katika nchi ya Marekani. Pengine mtauliza: New York ni mbali, na mambo hayo ni ya zaidi ya miaka mia iliyopita, yatatufaa nini sisi? Twaomba mvumilie kidogo. Abiria wa siku yake ya mwisho walikuwa watu kama sisi: akina mama wa parokia, watoto wa mafundisho ya dini na walimu wao, waliotoka asubuhi na vikapu vya chakula kwenda kucheza chini ya miti.

Merikebu yenyewe iliundwa Brooklyn, ikashushwa majini mwezi wa nne mwaka 1891. Ilipewa jina la Henry Slocum, jenerali wa vita vile vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, ambaye baadaye alikuwa mbunge. Mwenyewe alikuwa bado hai wakati ule. Urefu wake ulikuwa kama meta 72, na mwili wake wote ulikuwa wa mbao, nazo zikapakwa rangi nyeupe. Ilikuwa na sitaha tatu, moja juu ya nyingine, zenye viti na vibaraza, ili abiria wapate upepo na kutazama pwani. Haikufanywa kwa ajili ya kuvuka bahari kuu. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza watu wa mji siku za joto, kuwapeleka ufukoni asubuhi na kuwarudisha jioni.

Merikebu nyingi za mto wetu zilikuwa na gurudumu moja, nalo lilikuwa nyuma. General Slocum ilikuwa na mawili, moja kila ubavu, na kila moja lilikuwa na kimo cha meta 9 na zaidi, yaani kama nyumba mbili za kwetu zikipandishwa moja juu ya nyingine. Kila gurudumu lilikuwa na makafi 26. Mtambo wake ulikuwa wa kupendeza kuutazama. Mvuke uliingia katika silinda moja iliyosimama wima, ukasukuma pistoni juu na chini. Pistoni nayo ikainua ncha moja ya boriti kubwa ya chuma iliyokaa juu kabisa ya merikebu, inayopanda na kushuka kama ule ubao wa watoto ambao mmoja akiwa juu mwenzake yuko chini. Ncha ya pili ya boriti ilizungusha mhimili uliopita toka ubavu hata ubavu, na magurudumu yote mawili yakazunguka pamoja. Watu waliokuwa pwani waliweza kuiona boriti ile ikiinama na kuinuka merikebu ingali mbali.

Katika miaka yake kumi na mitatu haikukosa visa. Ilipanda mchanga mara kadhaa, ikagongana na vyombo vingine, na mwaka 1902 abiria wapatao mia nne walilala ndani yake usiku kucha kwa sababu ilikuwa imekwama. Lakini kila mara ilirekebishwa, ikapakwa rangi, ikarudi kazini. Kwa hiyo watu waliiamini. Mtu akiona rangi mpya, hatazami tena kilichopo chini ya rangi.

Sasa tuwatazame abiria. Katika mtaa mmoja wa kusini-mashariki mwa Manhattan walikaa Wajerumani wengi sana, hata mtaa ukaitwa Ujerumani Ndogo. Walikuwa mafundi seremala, waoka mikate, washona nguo, wenye maduka madogo. Wengi wao waliabudu katika kanisa la Kilutheri la Mtakatifu Marko, barabara ya Sita. Hawakuwa wakatoliki, lakini mkristo wa parokia yoyote ya kwetu akiangalia sherehe yao atatambua kila kitu. Kila mwaka, mafundisho ya watoto yalipofikia mwisho wake, parokia ilikodi merikebu, ikawapeleka watoto na mama zao matembezini. Mwaka 1904 ilikuwa mara ya kumi na saba. Pasta wao, George Haas, na wasaidizi wake waliikodi General Slocum kwa dolari 350, iwapeleke mpaka Locust Grove katika kisiwa cha Long Island.

Siku iliyochaguliwa ilikuwa Jumatano, tarehe 15 mwezi wa sita. Tunaomba mwikumbuke siku hiyo ya juma. Jumatano ni siku ya kazi. Akina baba walikwenda viwandani na madukani kama kawaida, nao wakawaaga wake zao na watoto wao waliovaa nguo zao za Jumapili. Ndiyo maana katika watu zaidi ya 1,300 waliopanda asubuhi ile, wanaume watu wazima walikuwa wachache.

Saa tatu na nusu asubuhi merikebu iliondoka gatini. Bendi ikapiga muziki, bendera zikapepea, watoto wakakimbia toka sitaha hata sitaha kama watoto wote wa dunia wafanyavyo. Nahodha William Van Schaick, mzee wa karibu miaka sabini, aliyezijua njia za maji za New York kama kiganja chake, alielekeza merikebu kaskazini katika mto uitwao East River.

Haikupita hata saa nzima, moto ukawaka. Ulianzia katika chumba cha mbele chini ya sitaha, ambamo waliweka taa, mafuta ya taa, matambara yenye mafuta, na majani makavu yaliyotumika kufungia vyombo vya kioo. Pengine ni njiti ya kiberiti, pengine kipande cha sigara. Moto wa namna hiyo hauhitaji mwaliko. Mtoto mmoja wa miaka 12 alikwenda kuwaonya wakubwa kwamba ameona moshi, naye akafukuzwa kama mtoto mwenye utani. Nahodha alipata habari baadaye, na wakati huo moto ulikuwa umekwisha kula mbao.

Mabaharia wakakimbilia bomba la kuzimia moto. Lilikuwa la kitambaa cha kitani cha bei ndogo, limekaa pale miaka mingi bila kujaribiwa. Maji yalipofunguliwa, bomba likapasuka. Mabaharia hao hawakuwa wamefundishwa kuzima moto hata mara moja katika mwaka ule. Wakaacha, kila mtu akajitafutia njia yake. Mashua za kuokolea zilikuwapo, zikining'inia mahali pake kwa mpango mzuri. Waliosalimika walieleza kwamba zilikuwa zimefungwa kwa waya na kugandishwa na rangi, zisiweze kushuka.

Zilibaki jile za kujiokoa. Hapa twataka kusimama kidogo, maana hapa ndipo ulipo moyo wa habari hii.

Zilikuwa zaidi ya elfu mbili, zimepangwa juu ya vichwa vya abiria, chini ya dari, na hapo zilikuwa zimekaa tangu merikebu ilipoundwa: miaka kumi na mitatu ya jua, ya chumvi na ya unyevu. Ndani yake mlikuwa na gamba lile jepesi ambalo hufanywa vizibo vya chupa. Likiwa zima, gamba hilo huelea na kumwinua mtu. Lakini kwa miaka mingi lilikuwa limevunjikavunjika na kuwa unga, na unga ule hunywa maji kama udongo. Kamba zilikatika mikononi mwa watu. Vitambaa vilipasuka, vumbi likawamwagikia machoni. Zile zilizokuwa bado na umbo zilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu watu waliziamini. Akina mama waliwavisha watoto wao, wakawafunga vizuri kifuani, wakawabusu, wakawatupa majini wakitumaini kwamba wataelea. Nao wakawatazama wakizama moja kwa moja, kama mawe.

Ndugu wasomaji, moto ni kitu cha kutisha, lakini mama yule hakudanganywa na moto. Moto ulikuwa ukionekana wazi. Aliyemdanganya ni jile. Ilikuwa pale juu tangu miaka 13 ili ihesabiwe, na kila mwaka ilihesabiwa kwa uaminifu. Kazi ya kuokoa haikuwamo katika hesabu. Merikebu ilikuwa imekaguliwa mwezi wa tano mwaka uleule, majuma machache tu kabla ya msiba, na cheti kilikuwa kimetiwa sahihi kwamba vyombo vyote vya usalama ni vizuri. Kwa maandishi, General Slocum ilikuwa merikebu salama.

Twongeze jambo moja, ingawa ni vigumu kuliamini. Baada ya msiba, jile mpya za kiwanda kimoja zilikaguliwa. Sheria ilidai kila jile iwe na ratili sita za gamba zuri, yaani karibu kilo tatu. Gamba ni ghali kuliko chuma. Basi katika baadhi ya jile hizo walikuta vipande vya chuma vimefichwa ndani ya gamba, ili uzito utimie juu ya mizani. Chuma, ndani ya kitu cha kumfanya mtu aelee! Aliyefanya hivyo alijua vema sheria inasema nini, akaitimiza kwa ratili zake zote sita.

Turudi mtoni. Merikebu ilikuwa imefika karibu na Hell Gate, maana yake Lango la Jehanamu, mahali penye mikondo ya nguvu ambapo mabaharia wa Kiholanzi wa zamani walipaogopa. Nahodha alitazama pwani ya karibu, akaona mbao zimepangwa na matangi ya mafuta, akahofu kwamba akitia nanga pale atawasha mji. Akaamua kwenda mbele kwa mwendo wote mpaka kisiwa cha North Brother. Bado watu wanabishana kama alifanya vema. Upepo ulikuwa unatoka mbele, na kadiri merikebu ilivyozidi mwendo ndivyo ulivyozidi kuusukuma moto nyuma, mahali abiria walipokuwa wamekimbilia. Sitaha zikaanza kuanguka moja juu ya nyingine. Wengine waliruka wakapigwa na magurudumu, yaliyokuwa bado yanazunguka. Wengi hawakujua kuogelea, na nguo za wanawake za wakati ule zilikuwa nzito, zenye matabaka mengi. Zikilowa, huvuta chini.

Merikebu ilipanda ardhi kisiwani, pua yake karibu na nchi kavu, lakini sehemu ya nyuma, ambako watu walisongamana, ilibaki juu ya maji yenye kina. Katika kisiwa kile palikuwa na hospitali ya wenye magonjwa ya kuambukiza, waliotengwa na mji ili wasiwadhuru wenye afya. Hao waliotengwa ndio waliotoka kuwapokea wenye afya. Wauguzi waliingia majini na nguo zao za kazi. Wagonjwa wenye nguvu kidogo walishuka ufukoni, wakashikana mikono, wakawavuta waliozama. Msichana mmoja mhamiaji kutoka Irilandi, Mary McCann, aliyekuwa bado anapona ugonjwa wake, aliogelea tena na tena akarudi na watoto kadhaa. Twapenda kumtaja kwa jina, kwa kuwa katika habari hii majina mengi ni ya watu waliokosa kufanya kazi yao.

Tangu kelele za kwanza hata merikebu kufika kisiwani ilikuwa kama nusu saa tu. Hesabu ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni 1,021. Mji wa New York haukupata tena siku moja yenye vifo vingi kama hivyo mpaka tarehe 11 mwezi wa tisa mwaka 2001.

Pasta Haas alitoka hai. Mke wake na binti yake walikufa. Maiti zililazwa safu kwa safu juu ya gati moja la mji, na akina baba walipita katikati usiku na mchana wakiinama, wakitafuta kiatu wanachokijua, au pete, au utepe wa nywele. Kulikuwa na mwanamume aliyekwenda kazini Jumatano asubuhi ana mke na watoto wanne, watano, akarudi jioni katika nyumba yenye vitanda tu. Watu 61 hawakutambuliwa na mtu yeyote. Walizikwa pamoja katika makaburi ya Walutheri kule Middle Village, Queens. Wengine walijiua kwa huzuni. Waliobaki hawakuweza kuvumilia kupita katika barabara zilezile na kuona madirisha yaleyale. Ujerumani Ndogo ilikuwa imeanza kupungua kabla ya hapo, lakini baada ya msiba watu walihama kwa wingi, wakaenda kaskazini ya mji. Lile kanisa la barabara ya Sita lilikuja kuwa sinagogi ya Wayahudi mwaka 1940.

Katika misiba ya namna hii kuna neno ambalo sisi walimu wa dini tunalisikia kila mara kwenye matanga, na pengine tunalisema wenyewe tunapokosa la kusema: ni mapenzi ya Mungu. Tunalikataa neno hili hapa. Mungu hakununua bomba la kitani la bei ndogo. Mungu hakutia chuma ndani ya gamba, wala hakutia sahihi cheti mwezi wa tano. Kumfariji mfiwa ni jambo moja. Kumtwisha Mungu dhambi ya mtu aliyebana fedha zake ni jambo jingine, nalo ni karibu na kufuru. Mfiwa mwenyewe anajua tofauti. Anapotuitikia "ndiyo, mwalimu" na kunyamaza, tusidhani kwamba tumemwelimisha.

Basi, ni nani aliyehukumiwa? Rais Theodore Roosevelt aliweka tume, nayo ikachunguza na kuandika mengi. Sheria za vyombo vya abiria zikakazwa, mabomba na jile zikaangaliwa upya. Hilo lilikuwa jema, na bila shaka watu wengi waliosafiri baadaye waliponea hapo bila kujua. Lakini kwa habari ya watu, mambo yalikwenda hivi. Mkaguzi aliyetia sahihi, Henry Lundberg, alipelekwa mbele ya baraza mara tatu, na mara tatu zote kesi ikavunjika bila hukumu. Wakuu wa kampuni hawakuingia gerezani. Aliyeingia ni nahodha. Mwezi wa kwanza mwaka 1906 alikutwa na hatia ya kutowazoeza mabaharia wake kuzima moto na kutotunza vyombo vya kuzimia, akapewa miaka kumi. Katika moto ule alikuwa amepoteza jicho moja. Alikaa miaka mitatu na nusu katika gereza la Sing Sing, akaachiliwa mwaka 1911, na Rais Taft akamsamehe. Msamaha ukaanza siku ya Noeli ya mwaka 1912.

Hatusemi kwamba nahodha hakuwa na kosa. Merikebu ilikuwa mikononi mwake, na mwenye kushika usukani ana deni kwa kila anayepanda. Lakini yeye hakuwa na mfuko wa kununulia jile mpya elfu mbili. Waliokuwa na mfuko walinawa mikono kama Pilato, na beseni la maji lilikuwa karatasi: cheti kipo, sahihi ipo, hesabu imetimia. Tunaomba wasomaji wetu walitazame jambo hilo kwa makini, maana tukiwa na haraka ya kumfunga aliye mbele ya macho yetu, aliye nyuma ya ukuta anakwenda zake nyumbani kula.

Wala si Marekani tu. Tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka 2024 mashua Merdi, iliyotoka Minova imejaa watu kupita kiasi, ilipinduka mbele ya bandari ya Kituku pale Goma, watu wa ufukoni wakitazama kwa macho yao. Makumi ya watu walikufa. Wengi walikuwa wamepita ziwani kwa sababu vita ilikuwa imefunga njia ya nchi kavu. Na sisi wenyewe, tulipokuwa tukiwapeleka vijana wa komunyo katika mkutano wao, tuliona katika bandari ambayo hatutaitaja jile mpya kabisa, za rangi ya machungwa, bado zimo katika nailoni zake, ndani ya sanduku lenye kufuli. Tukaomba watoto wavishwe. Tukaambiwa kwa upole sana, tena kwa heshima: "Mwalimu, hizo ni za siku ya ukaguzi. Watoto watazichafua." Ufunguo ulikuwa kwa mtu ambaye hakuwa akisafiri.

Jile zile hazikuwa mbovu kama za General Slocum. Zilikuwa nzima, na hata hivyo zilikuwa zilezile.

Tulishuka na vijana wetu, tukangoja mashua nyingine hata kesho yake. Wazazi wengine walinung'unika kwa sababu ya nauli iliyopotea na siku moja ya mkutano iliyokwisha bure, nasi hatuwalaumu. Fedha ya nauli haiokotwi njiani. Tangu hapo, parokia inapopanga safari ya ziwani, mmoja wetu hutangulia siku moja kabla na kuomba aivue jile moja toka mahali pake, aivae, aingie nayo majini mbele ya watu. Wenye mashua hucheka. Wakicheka na kutoa jile, tunapanda. Wakicheka bila kuitoa, hatupandi.

Mwisho wa General Slocum ni huu. Mabaki yake yaliinuliwa toka majini, kwa kuwa sehemu ya chini ya mwili wake haikuungua yote. Yakatengenezwa, yakafanywa tishari la kubebea mizigo, likapewa jina jipya, Maryland. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1911, likiwa na shehena ya makaa ya mawe, lilizama kwa dhoruba karibu na pwani ya New Jersey. Katika uwanja wa Tompkins Square, katikati ya uliokuwa mtaa wa Wajerumani, akina mama wa Kijerumani waliwawekea watoto ukumbusho wa jiwe la marumaru mwaka 1906: chemchemi ndogo, na juu yake wamechongwa watoto wawili wanaotazama majini.

Kule makaburini Middle Village, juu ya kaburi la wale 61, ukumbusho ulifunuliwa mwaka 1905. Aliyevuta kitambaa alikuwa mtoto aliyeshikwa mkono, Adella Liebenow, ambaye siku ya moto alikuwa na miezi sita tu. Dada zake wawili walikuwa wamekufa. Adella alikua, akawa mwalimu wa shule, akaolewa, akaishi hata mwezi wa kwanza mwaka 2004, umri wake miaka mia moja. Katika wote waliotoka hai katika merikebu ile, yeye alikuwa wa mwisho.